BARUA YA FUNDI NI HESHIMA YAKE

Huko Marekani mafundi wadogo wa mapaa na mabomba huomba kazi kwa barua. Tangu mwaka 2011 shirika la posta la nchi hiyo huwawezesha kupeleka matangazo kwa kila nyumba iliyo katika njia ya mpeleka barua, pasipo kuandika jina la mtu. Lakini karatasi isiyo na jina ni rahisi kutupwa.

Wako wanaoshauri kwamba bahasha ifananishwe na ya serikali, ili mwenye nyumba aifungue kwa hofu. Sisi twasema hiyo ni hila. Sheria ya Marekani ya mwaka 1999 iliwekea masharti makali barua za namna hiyo. Na hata kama sheria isingalikuwapo, ni nani atakayemkabidhi paa lake mtu aliyeanza kwa kumdanganya? Njia ya mwongo ni fupi.

Mwaka 1872 Montgomery Ward alianza biashara kule Chicago kwa karatasi moja ya bei. Mwaka 1875 akaahidi kumrudishia fedha mnunuzi asiyeridhika. Wakulima wa mbali, wasiomjua kwa uso, wakamwamini.

Basi fundi na aandike jina la mwenye nyumba kwa mkono wake, abandike stempu, aweke jina lake mwenyewe juu ya bahasha, na ndani aitaje kazi aliyoitenda katika mtaa ule ule. Mfanyakazi aishiye kwa jasho lake hana sababu ya kujificha.