Acheni kuizika dini iliyo hai

Kaa kwenye baraza lolote la kahawa jijini Dar es Salaam, sikiliza hotuba za Ijumaa na mahubiri ya Jumapili, hudhuria kikao cha harusi: hutakosa kusikia kwamba dini inakufa. Washitakiwa nao wameshatajwa. Ni simu, ni televisheni za nje, ni safari za Dubai na Guangzhou, ni mji ambao kila mmoja anakimbizana na shilingi. Utandawazi, tunaambiwa, umewapokonya vijana Mungu wao. Zamani watu waliamini, leo wanaabudu pesa.

Naipinga kauli hiyo mwanzo hadi mwisho. Macho yanaikataa, historia inaikataa, na elimu ya jamii nayo ilikwisha kuikataa. Ubaya wake mkubwa ni kwamba inatufanya tulinde mlango ambao hakuna anayeuvunja, huku mwizi akiingilia dirishani.

Tuanze na macho. Ingekuwa pesa inaua imani, Kariakoo ingekuwa ya kwanza kuikosa, maana hakuna mahali nchini panapozungusha bidhaa na fedha kama pale. Nenda Ijumaa kuanzia saa sita mchana. Karibu na Msikiti wa Mtoro maduka mengi hushusha mageti, machinga anamwachia jirani meza yake, na safu za waumini hutoka nje ya msikiti hadi barabarani. Katikati ya jiji wafanyakazi hutumia saa ya chakula kwenda ibada za mchana. Kisutu, mahekalu ya Wahindu yana watu asubuhi na jioni. Sadaka inatumwa kwa simu, mawaidha yanasikilizwa kwenye daladala, na makundi ya WhatsApp ya jumuiya na madrasa hayalali. Simu ile inayoshitakiwa ndiyo imekuwa mimbari.

Mfanyabiashara wa Kariakoo akienda Guangzhou kufuata mzigo, Ijumaa humkuta kwenye msikiti ulio jirani na kaburi linalonasibishwa na Swahaba Saad bin Abi Waqqas, pamoja na Waafrika wengine wengi. Mkristo naye anajua njia ya kwenda Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu la mji huohuo. Na mwaka 2011, pale Waislamu walipotaka huduma za benki zisizo na riba, Benki ya Amana ilianza kazi Dar es Salaam, ya kwanza nchini kuendeshwa yote kwa misingi ya Kiislamu. Hiyo ni imani iliyoingia sokoni na kulidai soko lifuate masharti yake.

Anayesisitiza kwamba waumini wanapungua atuoneshe hesabu. Sensa zetu hazijauliza swali la dini tangu mwaka 1967. Utafiti wa taasisi ya Pew wa mwaka 2010 ulikuta zaidi ya Watanzania wanane katika kila kumi wakisema dini ni jambo muhimu sana maishani mwao. Kwa hesabu hizo, anayetangaza msiba wa dini hana maiti ya kutuonesha.

Historia ndiyo inayowaumbua zaidi. Hakuna dini kati ya hizi zinazojaza watu mjini leo ambayo haikufika kwa meli, misafara, biashara au dola. Uislamu ulikuja na biashara ya Bahari ya Hindi. Tarika ya Kadiria ilipata nguvu pwani yetu kwa juhudi za Sheikh Uways aliyetoka Barawa, Somalia. Msikiti wa Manyema umebeba jina la watu waliotoka mashariki ya Kongo. Wabenediktini waliofika Pugu mwaka 1888 walitoka Bavaria. Wakhoja na Wahindu walivuka bahari kutoka Gujarat. Kleist Sykes, aliyekuwa miongoni mwa waasisi wa African Association mwaka 1929 na wa Al-Jamiatul Islamiyya mwaka 1933, alikuwa mtoto wa askari aliyeletwa na Wajerumani kutoka Msumbiji.

Mkondo huo haujakatika. Miaka ya 1980 mihadhara ya Ahmed Deedat, mhubiri wa Kiislamu mzaliwa wa India aliyekulia Afrika Kusini, iliwachochea vijana wa Kiislamu wa mitaani Dar es Salaam kusimama na Biblia mkononi na kuanzisha mihadhara yao. Baadaye Morocco ikajenga msikiti mkubwa wa Mfalme Mohammed VI pale Kinondoni, makao makuu ya Baraza Kuu la Waislamu Tanzania (BAKWATA). Huo utandawazi unaotuhumiwa kuiua dini ndio ulioileta, na ndio unaoilisha hadi leo.

Wasomi nao waliwahi kutabiri kifo hiki. Mwaka 1968 Peter Berger, mmoja wa wanasosholojia wakubwa wa karne iliyopita, aliliambia gazeti la New York Times kwamba ikifika karne ya 21 waumini watakuwa wamebaki vikundi vidogo vilivyojibanza katika dunia isiyo na dini. Mwaka 1999 mtaalamu huyohuyo alichapisha kitabu akakiri kuwa alikosea: ukiiondoa Ulaya Magharibi na tabaka la wasomi lililosambaa duniani, watu wanaamini kwa moto uleule, na mahali pengine kwa moto mkali zaidi. Hoja aliyobaki nayo ni nzito. Usasa hauondoi imani, bali unaleta wingi wa imani. Mtu anayeishi katikati ya imani nyingi halazimiki kuacha yake, lakini analazimika kuichagua.

Mwanafalsafa Mfaransa Jean-François Lyotard naye, alipoandika mwaka 1979 kuhusu hali ya usasaleo, yaani zama zinazofuata usasa, alisema watu wa zama hizi hawaziamini tena simulizi kuu zinazodai kueleza kila kitu. Wengi walidhani dini ingekuwa ya kwanza kuanguka. Hapa kwetu zimeanguka nyingine. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilituahidi usawa, soko huria likatuahidi neema, na shule ikaahidi ajira. Kijana mwenye shahada anayeuza viatu Mtaa wa Kongo ameacha kuziamini ahadi hizo. Hajaacha kuomba dua.

Basi kilichobadilika ni nini? Ni mamlaka. Zamani mtoto alizaliwa ndani ya dini kama alivyozaliwa ndani ya ukoo: madrasa ya baba yake, parokia ya mama yake, sheikh mmoja wa mtaa, padri mmoja wa kijiji. Leo kijana huyo anamsikiliza sheikh wa Mombasa, mchungaji wa Lagos na mwanazuoni wa Makka kwa jioni moja, akiwa amelala kitandani Ilala. Analinganisha, anauliza dalili, anahama. Yupo mama ambaye Jumapili yuko kanisani kwake, Jumatano yuko kwenye maombezi ya nabii, na mwanawe akiugua anapelekwa kwa sheikh akasomewe. Kinachowauma wengi wanaolia kwamba dini imekufa ni kwamba hawako peke yao tena mbele ya masikio ya watoto wao. Uchungu huo naufahamu, lakini wasiuite kifo cha Mungu.

Nitajibiwa kwamba hiyo si dini, ni biashara: mafuta ya upako, maji ya baraka, miujiza ya kulipia. Hapo ndipo kauli ninayoipinga inapojifunga yenyewe, maana haya hayatokani na uchache wa imani. Mwaka 2011 Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile alikuwa akigawa kikombe cha dawa kijijini Samunge, Loliondo, kwa shilingi 500. Habari zilisambaa kwa simu na redio hadi nchi jirani. Wakristo kwa Waislamu, maskini kwa vigogo, walikwenda kwa mabasi na hata kwa helikopta, na wapo wagonjwa waliofia foleni. Februari 1, 2020, mjini Moshi, watu 20 walikufa ibadani katika msongamano wa kukimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Wote hao walikuwa watu wa imani. Walichokosa ni mtu wa kuwafundisha kuipima ahadi kabla ya kuifuata, na uongozi wa kulinda uhai wao.

Huyo ndiye mwizi wa dirishani. Kila saa tunayoitumia kumkemea binti kwa sababu ya suruali yake, au kijana kwa sababu ya simu yake, ni saa tuliyompa bure anayeuza uponyaji. Tunawahubiria upungufu wa imani watu ambao imani imewazidia, kisha tunawaacha bila kipimo.

Na kipimo tunacho ndani ya dini zenyewe. Elimu ya Hadithi ilijengwa juu ya kumchunguza mpokezi mmoja mmoja: ni nani, alikuwa mkweli, alimsikia nani. Kitabu cha Matendo ya Mitume kinawasifu watu wa Beroya kwa kuchunguza Maandiko kila siku ili wajue kama waliyoambiwa ni kweli. Kwa hiyo anayemwambia kijana kwamba kuuliza ni kukosa imani anampotosha, awe amevaa kanzu au suti.

Nawataka viongozi wetu wa dini mambo matatu. Kila msikiti na kila kanisa lisome mapato na matumizi mbele ya waumini, hadi shilingi ya mwisho iliyotumwa kwa simu. Kila kiongozi wa dini, BAKWATA, maaskofu na mitume wa makanisa mapya, aseme hadharani kwamba hakuna maombi wala kisomo kinachomruhusu mgonjwa kuacha dawa za hospitali. Na madrasa na shule za Jumapili zifundishe watoto kuuliza dalili, pamoja na kukariri.

Kwa wazazi nina ombi moja. Mwanao akikuuliza kwa nini mnaamini mnachoamini, usimfokee. Mjibu. Usipomjibu wewe atajibiwa na mtu mwingine kwenye simu, na huyo huenda ana namba ya malipo mkononi.