Mtaji, Dau na Nidhamu ya Mcheza Karata



Mama mmoja wa hapa Uingereza ametuletea swali ambalo, kwa tunavyoona, si lake peke yake. Mwanawe wa miaka 21, mwanafunzi wa chuo kikuu, anacheza poka kwa fedha kwenye intaneti. Alipokanywa kwamba hiyo ni kamari, alijibu kwa adabu kuwa kamari ni ya wanaobahatisha, ilhali yeye ana mtaji, ana daftari, na hapandi dau mpaka hesabu imruhusu. Mama akakosa la kusema.

Hukumu ya sheria inajulikana. Aya ya 90 ya Suratul Maida haikuacha shaka, na kijana huyu ameisoma chuoni kama walivyoisoma wenziwe. Lakini hoja aliyoileta ni ya hesabu, nasi tuliokula chaki miaka mingi twaona ni haki yake ajibiwe kwa hesabu.

Kwanza tumpe lililo lake. Kanuni anayoitaja ipo, na ina akili ndani yake. Aghalabu mchezaji huketi na fedha zilizo mara 100 ya dau kubwa la lazima. Katika meza ya senti 10, hizo ni dola 10. Wenye nidhamu husema usiikaribie meza hiyo mpaka uwe na akiba ya kuketi mara 20 hadi 40, yaani dola 200 hadi 400, wala usipande meza ya senti 25 mpaka ufikishe dola 500 au hata 1,000. Akiba ikipungua, unashuka. Kushuka huko ndiko kugumu, kwani aliyezoea meza ya juu huona haya kurudi kwenye senti, na ana haraka ya kukomboa kilichokwenda.

Mfano wanaoupenda vijana ni wa Mmarekani Chris Ferguson, daktari wa sayansi ya kompyuta, aliyeshinda mashindano makuu ya dunia ya poka mwaka 2000. Mwaka 2006 alianza bila senti moja, kwa mashindano yasiyo na kiingilio, na baada ya mwaka mmoja na nusu hivi akafikisha dola 10,000. Alijiwekea sharti kwamba asiingie mezani na zaidi ya asilimia 5 ya mtaji wake, na katika mashindano ya meza nyingi asizidi asilimia 2. Ni kazi ya subira, hatukatai.

Sasa tuifungue hesabu yenyewe. Tuseme kijana ni hodari kweli, na kwa wastani anapata faida ya madau 5 katika kila mikono 100 ya karata. Katika mikono hiyo 100 matokeo hutawanyika kwa kiasi cha madau 90 hivi, juu au chini ya wastani. Akicheza mikono 10,000, faida anayoitarajia ni madau 500, lakini mtawanyiko nao umekuwa madau 900. Maana yake ni kwamba takriban mara tatu katika kumi hodari huyu atajikuta na hasara baada ya mikono yote hiyo, ambayo kwa meza moja ya mikono 75 kwa saa ni zaidi ya saa 130 za kukodolea macho kioo.

Geuza upande wa pili. Yule asiye hodari, anayepoteza kwa wastani ule ule, naye mara tatu katika kumi atajiona na faida. Atapanda dau kwa nidhamu kamili, kila hatua imeandikwa, akiamini kuwa ni elimu yake inayompandisha. Daftari lake na la hodari yanafanana. Kanuni ya mtaji humkinga mjuzi na siku mbaya. Haimgeuzi asiyejua kuwa mjuzi, wala haimwambii mapema yeye ni yupi kati ya wawili hao.

Kisha kuna ushuru wa meza. Watu sita wameketi na dola 10 kila mmoja. Mwenye meza akitwaa asilimia 5 ya fungu, na kwa saa yakachezwa mafungu 50 ya dola moja moja, ameondoka na dola 2 na nusu. Baada ya saa 24 zile dola 60 zote ni zake, isipokuwa aje mwingine na fedha mpya. Basi faida ya mtoto wetu hutoka wapi? Mfukoni mwa mtoto wa mwingine. Aya ya 219 ya Suratul Baqara haikukana kuwa kamari ina manufaa kwa watu; imesema dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa hayo.

Na mtaji huo unalala kwa nani? Ferguson huyo huyo alikuwa mmoja wa wakurugenzi wa Full Tilt Poker, iliyofungiwa na serikali ya Marekani Aprili 2011. Septemba mwaka huo waendesha mashtaka walisema kampuni ilidaiwa na wachezaji dola milioni 390 hivi, na benki ilikuwa na milioni 60 tu. Ferguson alimaliza kesi mwaka 2013 bila kukiri kosa. Wachezaji wa Marekani walianza kurudishiwa fedha zao mwaka 2014.

Kwa mama aliyetuuliza: omba kuonyeshwa daftari, bila kufoka. Tazama idadi ya mikono, saa zilizotumika, na kila senti iliyoingizwa. Tangu Aprili 2020 kadi za mkopo zimekatazwa kwa kamari hapa Uingereza, hivyo fedha hutoka katika akaunti yake ya kawaida. Hakikisha karo haimo humo. Akikubali kuacha, mpango wa GAMSTOP, uliopo tangu 2018, humfungia bila malipo kurasa zote zenye leseni ya hapa kwa miezi 6, mwaka au miaka 5, na benki nyingi nazo huweza kuzuia malipo hayo. Ama faida aliyokwisha kuipata, kama ipo, hilo si swali la mwalimu wa hesabu. Amwendee sheikh wa msikiti wake.