Wageni Wahesabiwe kwa Meza, Si kwa Kadi

Mkoani Singida, kama kwingineko nchini, aghalabu kamati ya harusi huhesabu kwanza michango, kisha kadi, na mwisho kabisa viti. Kwa maoni yangu, utaratibu huu ni wa kichwa chini miguu juu. Idadi ya wageni haina budi kutokana na vipimo vya ukumbi na meza.

Tuchukue meza ya duara yenye kipenyo cha sentimeta 150. Mzingo wake ni kipenyo mara 3.14, yaani sentimeta 471. Mtu mzima ahitaji sentimeta 60 hivi ili ale bila kumgonga jirani kwa kiwiko. Basi meza hiyo ni ya watu 8. Wakibanwa 12, kila mmoja hupata sentimeta 39, ambazo hazitoshi hata mabega.

Tena kiti huchukua nafasi, na mhudumu naye sharti apite. Kwa hiyo kila meza yahitaji mraba wa meta 3 kwa 3. Ukumbi wa meta 12 kwa 18 hutoa miraba 24. Tukitenga miraba 4 kwa meza kuu na 4 kwa chakula, husalia meza 16, yaani wageni 128. Kamati iliyogawa kadi za watu 200 imekwisha kuwanyima viti watu 72 kabla ngoma haijalia.

Hao ni akina nani? Si wakubwa. Ni bibi aliyetoka Iramba kwa basi, au jirani aliyetoa kuku wake wawili. Nao husongamana mlangoni, ambapo ndipo pa kuokokea moto ukizuka.

Hata waliopata viti wapangwe kwa fikira. Watu 8 waweza kuizunguka meza kwa namna 5,040, lakini katika kelele za vipaza sauti kila mmoja husikilizana na majirani wawili tu. Mzee akiwekwa kati ya asiowajua, atakula na kuondoka kimya.

Wapo watakaosema kuwa ukarimu haupimwi. Lakini waliokula ugali wa mtama kwa kuzunguka chungu kimoja walijua kipimo: mkono usipofika, duara jingine lilianzishwa. Kamati na iazime futi kamba kwa seremala kabla ya kwenda kwa mpiga chapa.