Mali Bila Daftari: Haki ya Mwanamuziki wa Mpakani

Wimbo uliorekodiwa Nengo, hapa Gisenyi, hauna safari ndefu kufika Goma, Kongo. Huvuka kivuko cha mpakani cha Petite Barrière ndani ya simu za wachuuzi, ukapigwa kwenye baa na teksi za upande wa pili siku hiyo hiyo. Mwenye wimbo hufurahi kusikika, lakini kusikika hakulipi kodi ya nyumba. Kila mjadala wa kipato cha wanamuziki ukizuka, lawama huelekezwa kwenye sheria: haipo, au ipo na ni dhaifu. Naliona tatizo mahali pengine. Sheria ipo. Kinachokosekana ni maandishi ya kumwezesha msanii kuisimamia haki yake, na wakati wa kuyaandika ni kabla wimbo haujatoka.

Rwanda ilitunga sheria ya kulinda mali ya ubunifu mwaka 2009, kisha ikaandika mpya mwaka 2024. Tangu 1984 ni mwanachama wa Mkataba wa Berne, na Kongo nayo imo, kwa hiyo mtunzi wa Gisenyi ana haki Goma hata kama hajawahi kukanyaga ofisi yoyote huko. Mkataba huo unasema haki huzaliwa pamoja na kazi yenyewe, bila sharti la usajili. Hapo ndipo wengi wanapojisahau. Kuwa na haki ni jambo moja, kuithibitisha ni jingine. Wimbo mmoja hubeba jasho la watu kadhaa: aliyetunga maneno, aliyebuni sauti, prodyuza aliyetengeneza biti, na aliyelipia studio, ambaye mara nyingi hudai kuwa masta, yaani rekodi yenyewe, ni yake. Wimbo usipoingiza kitu, hakuna anayeuliza. Ukianza kuleta fedha, kila mmoja hukumbuka mchango wake kuwa mkubwa kuliko wa mwenzake, na wahenga walishatuonya kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Anayedhani madai dhidi ya wakubwa ni kazi bure aitazame Tanzania. Wasanii AY na MwanaFA waliishtaki kampuni ya simu iliyotumia nyimbo zao mbili kama miito ya simu bila idhini yao. Mwaka 2016 Mahakama ya Wilaya ya Ilala iliamuru walipwe zaidi ya shilingi bilioni 2. Kesi ya namna hiyo huchukua miaka na hugharimu mawakili, lakini huanza na swali jepesi: wimbo huu ni wa nani? Msanii asiye na jibu lililoandikwa huishia hapo hapo.

Wapo watakaosema kwamba muziki wetu hujengwa juu ya undugu, na kumdai rafiki saini ni kumtukana. Naielewa hofu hiyo, ila uzoefu unaonyesha kinyume. Urafiki huvunjwa na mgao usiojulikana, na ukurasa mmoja wenye majina, asilimia na tarehe humwondolea kila mtu sababu ya kumshuku mwenzake. Pingamizi zito zaidi ni la kijana asiye na jina, ambaye meneja humwekea mkataba mezani na kumwambia asaini au aondoke. Ni kweli karatasi yenyewe inaweza kuwa kitanzi. Mwimbaji Harmonize alipoondoka lebo ya WCB Wasafi mwaka 2019, alieleza hadharani kwamba kujinasua kulimgharimu shilingi milioni 500 za Tanzania. Fundisho lake ni kwamba mkataba usomwe kabla ya kusainiwa. Hata mnyonge anaweza kudai mambo matatu: aruhusu matumizi ya wimbo badala ya kuuuza moja kwa moja, mkataba uwe na tarehe ya mwisho, na apewe hesabu kila baada ya muda uliotajwa.

Hata hivyo, hakuna msanii awezaye kuzunguka kila hoteli na kila redio kudai mirabaha. Kazi hiyo ni ya jumuiya ya pamoja, kama RSAU hapa Rwanda. Wasiwasi juu ya vyama vya aina hiyo una msingi: mwaka 2016 kundi la Elani lilijitokeza hadharani Kenya kulalamikia malipo ya jumuiya yao, MCSK. Lakini kelele za wasanii wa Kenya hazikupotea hewani. Sheria ya hakimiliki ya huko iliyorekebishwa mwaka 2019 iliweka kiwango cha miito ya simu: mwenye wimbo apate si chini ya asilimia 52. Aliyejitenga na jumuiya kwa kutoiamini huwaachia wengine uamuzi juu ya fedha zake.

Rubavu, wilaya yetu ya Gisenyi, ina kila sababu ya kutangulia. Shule ya muziki iliyoanzishwa Nyundo mwaka 2014 ilitoa wapiga ala na waimbaji waliobadilisha majukwaa ya Kigali, na ingawa imehamia Muhanga, vipaji havijaisha hapa. Studio za Gisenyi ziweke fomu ya mgao kwa Kinyarwanda na Kiswahili, na zisikabidhi wimbo kwa yeyote kabla fomu haijasainiwa. Watunzi nao wapeleke kazi zao Bodi ya Maendeleo ya Rwanda (RDB) kusajiliwa, wawe na ushahidi rasmi mkononi. Gharama ya hayo ni ndogo mno ikilinganishwa na wimbo uliopotea, na hakuna serikali itakayomjazia msanii majina kwenye karatasi aliyoiacha tupu.