Barafu Nayo Ni Batri



Tukitembelea koperative za barabara ya Kasenga, swali moja linarudi kila mara. Mtu anatoa simu na kutuonyesha video: Wazungu wawili wako ndani ya gari lenye kitanda na jiko, wamesimama porini, hakuna nguzo ya umeme hata moja, na frigo yao inafanya baridi. Kisha anatuuliza: "Kama wale wanakunywa maji ya baridi mu pori juu ya batri, sisi tunashindwa nini kupeleka samaki yetu Lubumbashi na frigo ndani ya kamioneti?"

Swali ni zuri, na uchungu ulio ndani yake tunaujua sote. Kutoka Kasenga mpaka Lubumbashi ni zaidi ya kilometa 200. Samaki anavuliwa usiku, jua likipanda anaanza kulegea, na akifika sokoni mama muuzaji anafungua mashavu yake, anaona rangi imebadilika, anakata bei nusu. Ile nusu iliyokatwa ndiyo karo ya watoto. Ndiyo maana komite zingine ziko tayari kutoa michango yote ya wanamemba kununua konjelateri, batri na konvertiseri ya kuweka ndani ya gari.

Sisi tunasema wazi: ngojeni kwanza. Frigo ya batri iko na kazi yake ndani ya koperative, na tutaieleza hapa chini. Lakini kupoza samaki si kazi yake.

Tuhesabu pamoja. Ile frigo ndogo ya gari, yenye kompresa ya volti 12, inakula karibu wati 45 ikiwa inazunguka. Wakati wa joto inazunguka kama nusu ya siku. Ukizidisha 45 kwa saa 12 unapata wati-saa 540 kwa siku. Batri moja ya volti 12 na ampea-saa 100 inabeba wati-saa 1200. Mtu atasema: basi inatosha siku mbili! Hapana. Batri ya asidi ni kama ghala lenye mbegu ndani. Mkulima mwenye akili hali mbegu yake hata njaa ikiwa kali, kwa sababu anajua mwaka ujao atalia. Nusu ya batri ya asidi ni mbegu. Ukiila kila siku, batri inakufa mapema sana. Inabaki wati-saa 600 za kutumia: siku moja tu na kidogo.

Kwa wale wa video, hiyo inatosha. Wako watu wawili, wanatunza maziwa, nyama kidogo na chupa za maji. Juu ya paa wana pano ya jua inayojaza batri kila siku. Vitu vyao vimetoka dukani vikiwa baridi tayari. Frigo yao inatunza baridi, haihangaiki kuitafuta.

Sisi tunaileta kazi nyingine kabisa. Chukua kilo 200 za samaki wenye joto la digrii 28. Kuwashusha mpaka digrii 2 ni kuondoa joto la wati-saa zaidi ya 5000. Hata konjelateri nzuri itakula karibu wati-saa 3000 za umeme kwa kazi hiyo. Hizo ni batri tano za ampea-saa 100, tukiheshimu mbegu yetu. Batri moja ina kilo 25 mpaka 30, kwa hiyo umebeba zaidi ya kilo 120 za batri pahali pa samaki. Na ubaya hauishii hapo. Konjelateri ya wati 150 itahitaji karibu saa 20 kumaliza kazi ile. Gari linafika Lubumbashi, samaki wa katikati bado wana joto. Wameanza kuoza ndani ya mashine ya bei kali.

Sasa tazameni barafu. Kilo 60 za barafu zikiyeyuka zinaondoa joto lile lile. Hazina waya, hazina fundi, na haziogopi mashimo ya barabara. Kwa nchi ya joto kama yetu, na njia ndefu, kanuni ya wavuvi ni kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki: sehemu moja inapoza, nyingine inalinda njiani. Barafu ivunjwe ndogo ndogo, ipangwe tabaka kwa tabaka na samaki, na chini kuwe na tundu la kutoa maji. Sanduku liwe glasieri yenye kuta nene na mfuniko unaofunga vizuri. Maji ya kutengeneza barafu yawe safi, maana maji machafu yakiganda bado ni machafu.

Kwa hiyo tunasema barafu nayo ni batri. Inaweka akiba ya baridi kama vile batri inaweka akiba ya umeme. Konjelateri ikae depo, igandishe maji polepole siku mbili tatu wakati umeme uko au jua linawaka, na gari libebe barafu. Watu wa afya walishaona jambo hili. Vituo vingi vya afya hapa nchini vina frigo za chanjo zinazotumia jua moja kwa moja bila batri kubwa. Mchana jua linagandisha barafu ndani ya kuta za frigo, na barafu ile ndiyo inalinda chanjo usiku. Walichoka na batri zilizokufa baada ya miaka michache bila mtu kuwa na makuta ya kuzibadilisha.

Tunajua mtatujibu: "Barafu nayo iko bei, na umeme wa kuitengeneza unakatika." Ni kweli. Lakini barafu ikikosekana leo, umepoteza safari moja. Batri tano zikifa, mmepoteza michango ya wanamemba wote, na konjelateri inageuka kabati ya kuweka nguo.

Kazi ya frigo ya batri basi ni gani? Ni chanjo za mifugo. Kila familia inajua ugonjwa wa Newcastle, ule unaopita na kumaliza kuku wa kijiji kizima. Chanjo nyingi zinataka digrii 2 mpaka 8, na zingine zinaharibika zikiganda. Iko chanjo ya Newcastle, I-2, inayovumilia joto kuliko zingine, lakini nayo haipendi kuachwa juani. Vichupa ni vidogo, vinatoka mjini vikiwa baridi, vinahitaji tu kutunzwa. Hiyo ni kazi sawa na ya wale wa video, na frigo ndogo inaiweza, iwe depo au ndani ya gari la mchanjaji.

Koperative ikitaka kununua kwa kazi hiyo, iangalie mambo haya.

Frigo iwe na kompresa. Ziko sanduku za bei ndogo zisizo na kompresa, muuzaji anaziita frigo. Zinashusha joto digrii 15 mpaka 20 tu chini ya joto la nje, na zinakula batri bila kupumzika. Nje kukiwa digrii 35, chanjo yako inaota jua.

Batri ya frigo isiwe ile ya kuwashia gari. Ile ya gari imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache, haijui kufanya kazi usiku kucha. Na ikiisha, gari haliwaki. Weka batri ya pili yenye kitenganishi, ili frigo isiguse ile ya kuwashia.

Weka batri mbili na pano ya wati 200 au zaidi. Kuanzia Novemba mpaka Aprili mawingu yanaweza kufunika jua siku mbili nzima. Waya uwe mnene na mfupi, kwa sababu waya mwembamba unakula volti njiani na frigo inazimika wakati batri bado imeshiba.

Mtu mmoja apewe daftari na kipima volti. Asubuhi, kabla ya jua, batri iliyopumzika ikionyesha 12,7 imejaa. Ikionyesha 12,2 imefika nusu, tumefika kwenye mbegu. Batri za kufungua ziongezwe maji ya batri yaliyosafishwa, si asidi wala maji ya kisima.

Na jambo gumu kuliko yote: batri ya chanjo si ya simu. Tumeona depo ambapo fundi alifunga kila kitu vizuri, lakini kila jioni simu kumi na tano ziko juu ya batri, redio inaimba, taa inawaka mpaka usiku. Nani atamkatalia jirani? Baada ya miezi chache batri imekufa, na siku ya chanjo vichupa vimepata joto. Walichanja kuku, na kuku wakafa. Tangu siku ile wamama wa kijiji hawataki kusikia neno chanjo. Imani hiyo hakuna fundi wa kuitengeneza.

Basi kwenye mkutano mkuu ujao, kabla ya kuinua mikono juu ya frigo, ulizeni komite maswali matatu. Tunapoza kitu cha joto au tunatunza kitu cha baridi? Nani atashika daftari na kuwa na ukali wa kukataza simu? Na kila mwezi tunaweka makuta ngapi ya kununua batri zingine hizi zikichoka? Komite ikikosa jibu la moja, michango ibaki ndani ya sanduku, na samaki wasafiri na barafu.