Jua Lipewe Zamu ya Mchana

Wahenga walisema mwana umleavyo ndivyo akuavyo. Mimi naongeza kwamba hata kifaranga ni hivyo hivyo.

Mwezi wa Julai uliopita nyanya yangu alikuwa na vifaranga 40. Usiku mmoja upepo ukashuka kutoka Kilimanjaro, baridi ikazidi. Tukawawekea jiko la makaa, tukaziba kila tundu la banda kwa magunia ili joto lisitoroke. Asubuhi tuliokota 23 wamekufa. Nyanya alidhani ni kideri. Mwalimu wetu wa Kemia aliponiuliza tuliziba wapi, alitikisa kichwa. Makaa yakikosa hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyoonekana wala kunuka. Je, kama jiko lile lingekuwa chumbani mwetu? Si tungeokotwa sisi!

Maoni yangu ni haya: hapa Njukini tunanunua makaa yafanye kazi ambayo jua liko tayari kuifanya bure. Kenya hupata wastani wa kilowati-saa 4 hadi 6 za nguvu za jua kwa kila mita mraba kwa siku. Wala jambo hili si geni. Mwaka wa 1881, Mmarekani Edward Morse alisajili uvumbuzi wake wa kupasha nyumba joto kwa jua: bamba jeusi ukutani, kioo mbele yake, na matundu ya hewa.

Hebu tazama ilivyo rahisi. Tengeneza sanduku la mbao lisilo na kina kirefu, weka ndani bati lililopakwa rangi nyeusi, funika kwa kioo au nailoni inayopitisha mwanga. Toboa tundu chini la kuingiza hewa baridi, na lingine juu la kupeleka hewa moto bandani. Hewa ikipata moto hupanda yenyewe, haihitaji stima. Lielekeze kaskazini. Vitabu vya Ulaya husema kusini, lakini sisi tuko kusini mwa ikweta, na mwezi wa Juni na Julai jua letu hupita upande wa kaskazini.

Mjomba wangu alicheka aliposikia. "Baridi inakuja usiku, na usiku jua limelala. Sasa?" Kusema kweli, mjomba ana haki. Sanduku hili peke yake halitoshi, na matundu yasipozibwa usiku, joto litatoroka humo humo. Lakini kifaranga wa wiki ya kwanza huhitaji nyuzi 32 hadi 35 mchana na usiku, ndiyo maana jiko letu halizimwi. Basi jua lipewe zamu ya mchana. Usiku tutumie mitungi myeusi ya maji iliyoanikwa juani kutwa, na boksi lililozungushiwa nyasi kavu ili vifaranga wapashane joto. Makaa yakilazimu, yawe machache na hewa ipite. Tena tuwaangalie vifaranga wenyewe: wakijikunyata pamoja wanaona baridi, wakihema midomo wazi, joto limezidi, ziba tundu la juu.

Ombi langu kwa Chama cha Kilimo na walimu wa Fizikia ni kwamba tujenge sanduku moja hapa shuleni, tulipime kwa kipimajoto cha maabara muhula mzima. Tunaandika daftarini kwamba kitu cheusi hufyonza joto, mtihani ukiisha tunasahau. Mbona tusiyajaribu tunayoyasoma? Sisi ni shule ya kutwa. Tukijifunza kitu saa nane, jioni kimefika nyumbani.

Nyanya alibaki na vifaranga 17, na hajaacha kufuga. Lakini gunia la makaa bado liko mlangoni, na Julai nyingine inakuja. Kazi kwetu.