SAFARI YA MNARA WA CHUMBE: NANI AENDE?

Katika mkutano uliopita lilitolewa shauri kwamba Chama kifanye safari ya kwenda kuutazama mnara wa taa wa kisiwa cha Chumbe, karibu na Unguja. Shauri hilo limepata wapinzani wa namna mbili. Wa kwanza husema kwamba fedha za Chama si za matembezi. Wa pili huikubali safari, ila wataka orodha ianze na makarani wakubwa, na nafasi zikisalia ndipo wafikiriwe matarishi, madereva na wapishi. Hao wa kwanza twaweza kuwajibu kwa maneno machache. Hao wa pili ndio waliotufanya tushike kalamu.

Hatuombi Chama kilipe kila kitu. Kila aendaye ajilipie nauli ya meli kutoka Dar es Salaam, nayo ni safari ya saa mbili hivi, na Chama kisaidie gharama ya kisiwani peke yake. Fedha ya maziko na ya wagonjwa isiguswe hata senti moja. Kama zilizobaki hazitoshi, basi na tungoje mwaka mwingine.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Mnara wa Chumbe ulijengwa na Waingereza mwaka 1904, uwaongoze wenye merikebu wapitao mkondo wa Unguja usiku. Una vidato zaidi ya 130, na mwenye kufika juu huona bahari pande zote. Wageni wengi hutosheka na hayo. Lakini mtumishi wa Serikali na atazame chini pia, ilipo nyumba waliyokaa walinzi wa taa, ambayo sasa imetengenezwa kuwa mahali pa kupokea wageni. Na kando yake msikiti mdogo wenye kuba, wa namna ya Kihindi, waliokuwa wakiswali humo. Watu hao hawakuwa wakubwa. Kazi yao ilikuwa kuhakikisha kwamba taa inawaka machweo na haizimiki hata alfajiri, katika mvua na katika upepo wa kusi, na nahodha aliyepita salama hakujua hata jina la mmoja wao. Waama, mkubwa hutia saini kwamba mnara ujengwe. Mdogo ndiye apandaye vidato kila siku. Je, tutakwenda kuitazama kazi ya watu kama hao, huku tumewaacha nyumbani wenzetu walio wa daraja yao? Sisi twaona hiyo ni aibu.

Kuna na jambo la pili. Mwaka 1926 taa ya Chumbe ilibadilishwa ikawa ya gesi ya asetilini, ya kampuni ya AGA ya Uswidi. Mkuu wa kampuni hiyo, Gustaf Dalén, alikuwa amebuni mwaka 1907 kizibo kinachotumia jua lenyewe: ufito mweusi hupata joto mchana, ukarefuka na kuifunga gesi, jua likichwa hupoa, ukafupika, na gesi ikapita. Kwa chombo hicho taa yaweza kujiwasha na kujizima pasipo mkono wa mtu. Mwaka 1912 Dalén alipata Tuzo ya Nobel, na mwaka huohuo akapofushwa na mlipuko wa gesi hiyohiyo; hata hivyo aliendelea kuiongoza kampuni. Twamsifu, maana minara iliyo juu ya majabali yasiyofikika ilipata nuru. Lakini karani ambaye afisini mwake kimeletwa chombo kipya kifanyacho nusu ya kazi yake hana budi kuuliza: mlinzi wa mnara alipopunguziwa kazi na chombo, alipewa kazi gani badala yake? Swali hilo twapenda lizungumzwe palepale chini ya mnara, si katika mkutano ambapo kila mtu hutazama saa.

Walinzi wa namna nyingine wako Chumbe hata leo. Upande wa magharibi wa kisiwa, kwa kuwa merikebu zilipita karibu, uvuvi haukuruhusiwa, na matumbawe yakasalia mazima. Mwaka 1994 Serikali ya Zanzibar iliyatenga yahifadhiwe, na wavuvi wa vijiji vya jirani wakafundishwa kuyalinda. Msituni wamo paa nunga, ambao ni wachache sana duniani, na kaa wakubwa wa minazi. Wenye mishipi waiache nyumbani.

Kisiwa kina nyumba 7 tu za wageni, na wageni wa mchana hupokewa wachache. Kwa hiyo Chama kizima hakiwezi kwenda kwa mara moja, na ndiyo sababu ya ugomvi huu wa orodha. Twashauri kura: majina yote yatiwe katika mkebe mmoja, ya mkubwa na ya mdogo, na mtoto asiyejua kusoma ayatoe. Waliokosa safari hii wawe wa kwanza katika ijayo.

Wakati wa kwenda usiwe masika, wala kusi ikiwa kali. Twapendekeza maleleji, karibu na sikukuu ya Oktoba 14, ili tusipoteze siku za likizo. Mashua huondoka Mbweni, na wenye kuwahi wataweza kuyaona magofu ya skuli ya U.M.C.A. walimosomea wasichana waliokombolewa utumwani. Wengi wetu tuliosoma katika skuli za Misheni tungefanya vema kusimama pale kidogo. Siku za bamvua maji hukupwa mbali sana, basi kila mtu achukue viatu vya kulowa. Wazee wenye magoti mabovu hawatalazimishwa vidato.

Majina yapelekwe kwa Katibu kabla ya mwisho wa Julai. Asiyejua kuandika aandikiwe na karani wa idara yake, kwa karatasi ya ukubwa uleule.